Mfalme wa China na Shaba ya Papa Kyungu

Jumatatu, 4 Oktoba 2010

Nimenyimwa! Miaka minne ya kusoma. Madaftari kumi na moja. Macho yamekwisha, mgongo umekwisha. Na nimenyimwa kwa simu, saa nne asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni.

Aliyeninyima ni Maman Alphonsine, Mkongomani wa Likasi, mwenye saluni karibu na Chaussée d'Ixelles na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili. Tunakutana mara tatu kwa mwaka kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, hapa hapa Schaerbeek. Kila mkutano una mzungumzaji mmoja, dakika arobaini. Mwezi wa sita aliniahidi kwamba Oktoba ni zamu yangu. Mada yangu anaijua: mafundi wa kale wa China waliotafuta dawa ya kutokufa. Leo anasema, samahani sana Mwalimu, tumempa Otieno.

Otieno! Mkenya mwenye skafu. Mkalimani. Mada yake: namna ya kujaza fomu za uraia. Fomu! Wabelgiji wenyewe hawajapata serikali tangu uchaguzi wa Juni, hizo fomu atazisaini nani?

Zulekha aliporudi kazini nilimweleza. Yeye ni muuguzi hospitalini kule Woluwe. Alivua viatu, akasugua vidole, akasema watu wanazihitaji fomu. Nikamuuliza, na kutokufa je, hawahitaji? Akajibu kwamba wanaohitaji kutokufa anawaona kila siku wodini na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba mhadhara.

Huyo ndiye mke wangu. Miaka ishirini na sita ya ndoa!

Mimi nilifundisha kemia sekondari Tanga miaka kumi na tisa. Hapa cheti changu kimerudishwa mara mbili na barua inayosema hakilingani. Hakilingani na nini? Zebaki ya Tanga inachemka tofauti?

Sitanyamaza.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimepata njia. Sijui kwa nini sikuiona tangu jana. (Hasira. Hasira inaziba macho.)

Alphonsine ana baba. Papa Kyungu, miaka themanini na mitatu, anaishi naye mitaa miwili kutoka kwangu. Aliyeyusha shaba kiwandani Likasi miaka thelathini na minne, na bado ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Alphonsine hawezi kumkatalia kitu chochote. Mzee akisema anataka kunisikia mimi, Burhani, basi Otieno na fomu zake wataondoka kama vumbi.

Nikaenda saa nane, binti akiwa saluni. Nilibeba karanga. Nikajifanya nimepita tu kumjulia hali. Kisha nikaanza.

Nilimwambia kulikuwa na mfalme aliyeunganisha China nzima, Qin Shi Huang, miaka zaidi ya elfu mbili na mia mbili iliyopita. Mtu mwenye kila kitu, ila alikuwa anaogopa kufa kiasi kwamba walio karibu naye hawakuthubutu kulitaja neno. Akaja fundi mmoja, Xu Fu, akamwambia baharini mashariki kuna visiwa vitatu wanakokaa watu wasiokufa, na dawa iko huko. Mfalme akampa meli na maelfu ya vijana wa kiume na wa kike. Xu Fu akaenda, akarudi mikono mitupu. Akasema visiwa vipo, ila kuna samaki mkubwa mno anazuia njia. Mfalme akatoa wapiga mishale!

Papa Kyungu aliacha kutafuna. "Bon. Na alipata?"

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Mhadhara wangu una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni utafutaji. Sehemu ya pili ni matokeo, yaani vifo. Nikasimama, nikavaa koti. Nikamwambia Papa, mengine yapo kwenye mhadhara, lakini ndiyo hivyo tena, mwanao amempa Otieno.

Uso wake! Kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Alhamisi, 7 Oktoba

Kipindi cha pili. Safari hii ni yeye aliyepiga simu. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, soksi safi, nywele zimechanwa.

Nikamletea Li Shaojun, fundi wa mfalme mwingine, Wudi, miaka kama themanini baadaye. Huyu alimwambia mfalme atoe sadaka kwa mungu wa jiko, kisha jiwe jekundu lenye zebaki litageuzwa dhahabu. Mfalme atengenezewe vyombo vya dhahabu hiyo, ale na kunywa humo, na umri wake utarefuka. Nikamweleza fikra yao nzuri sana ya kikemia: dhahabu haiozi, basi mwili unaolishwa dhahabu utaoza vipi? Nikamweleza kwamba mafundi wa baadaye walidharau dawa za miti, kwa kuwa mti wenyewe unaoza, unaungua, utamzuiaje mtu kuoza? Nikamweleza kwamba waliotaka kutokufa waliacha kula nafaka.

Akauliza tanuri lao lilikuwa na joto kiasi gani. Sijui! Miaka minne na hakuna kitabu kilichoniambia. Akauliza moshi ulitokea wapi, na fundi alisimama upande gani. Nikasema hayo si muhimu. Akasema kwake yeye ndiyo muhimu, moshi wa tanuri uliwachukua wenzake wawili. Nikaharakisha kwenda mbele.

Aliuliza tena, "Na ule mufalme wa kwanza, ule wa samaki, alipata dawa?"

Nikavaa koti.

Mlangoni akanishika mkono kwa nguvu za ajabu. Akasema ataongea na Alphonsine. Akasema pia kitu ambacho sikukitegemea: yeye hana haja ya kuishi milele, anahitaji tu kuishi kuliko Jérôme. Jérôme ni mdogo wake, yuko Likasi, hawajasemezana tangu mwaka wa themanini na moja, na ana umri wa miaka sabini na tisa. "Mi sitakufwa mbele ya Jérôme! Atasimama ku kilio yangu, ataongopea bantu!"

Nilimwelewa kabisa. Mimi mwenyewe namfikiria Otieno akisimama kwenye matanga yangu, na skafu yake.

Jumamosi, 9 Oktoba

Alphonsine amepiga simu. Anafoka! Nimemwambia nini baba yake? Tangu juzi hali bukari, ugali wa kwao. Mzee wa Katanga, anasukuma sahani, anasema nafaka inaozesha. Anakula karanga na samaki tu. Na amesema bintiye asipomtoa Otieno, yeye hatatia mguu ukumbini.

Nilijibu kwa upole mkubwa kwamba watu wazima wana uhuru wa kuchagua chakula. Nikaongeza kwamba labda mzee ana njaa ya maarifa. Akakata simu.

Mchana nikaenda Chaussée d'Ixelles kununua mpira wa chupa ya maji moto. Nikakutana naye Otieno, pale pale juu kwenye kituo cha Porte de Namur, anakula vibanzi vya viazi. Akaniita "Mwalimu" kwa lile tabasamu lake. Akasema amesikia kuna malalamiko, na yeye hana neno, tugawane: dakika ishirini fomu, dakika ishirini China.

Wema! Wema wa namna hii ndio unaonichefua. Nikamwambia mfalme aliyeunganisha falme saba hagawanywi na mtu wa fomu. Watu wakageuka. Otieno akanikaribisha kibanzi. Nikakataa. (Nilikuwa na njaa. Nilikataa.)

Nimerudi nyumbani bila mpira wa chupa.

Jumatatu, 11 Oktoba

Papa Kyungu kaniita tena. Amepungua. Shingo imelegea ndani ya kola. Nikamwambia anapendeza.

Alinifungulia kitambaa. Ndani kulikuwa na msalaba wa shaba, ile ya kale ya Katanga iliyoyeyushwa kwa umbo la msalaba, mkubwa kama kiatu cha mtoto. Wa babu yake. Akasema yeye dhahabu hana na hajawahi kuwa nayo, ila shaba anaijua kuliko anavyowajua wanawe. Akataka kujua kama mafundi wa China walitumia shaba pia.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nawaza mhadhara. Nikasema ndiyo, walikuwa na metali za kila aina tanurini, na shaba ni kama ndugu wa dhahabu. Kikemia si uongo! Ziko safu moja kwenye jedwali la elementi. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu anajua.

Akatikisa kichwa polepole, akaufunga tena msalaba.

Niliona pia vidonge vidogo vyeupe kwenye chungu cha maua dirishani, vingi, juu ya udongo. Nikadhani ni mbolea. Mimi ni mkemia, si mtunza bustani.

Jumanne, 12 Oktoba

USHINDI!

Alphonsine amepiga simu saa tano. Sauti ya mtu aliyeshindwa. Amesema Jumamosi ni yangu, dakika zote arobaini, mradi nimalizie hadithi yangu hiyo na baba yake aanze kula. Otieno amekubali kujitoa bila ugomvi. Bila ugomvi! Hata kushindwa hajui kushindwa vizuri.

Nimenunua tai. Nyekundu, rangi ya lile jiwe la zebaki. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara nne. Sehemu ya vifo ni nzuri mno. Nitapunguza sauti hapo.

Zulekha ameniangalia akiwa na kikombe mkononi. Ameuliza Papa Kyungu anaendeleaje. Nikasema yu mzima kama chuma. Akasema Alphonsine alimwambia mzee amekonda. Nikasema ni baridi.

Jumatano, 13 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika kwa sababu mimi ni mtu wa kumbukumbu.

Saa tatu asubuhi simu ya Zulekha, kutoka wodini. Hakusalimia. Papa Kyungu ameletwa na gari la wagonjwa. Anatapika tangu alfajiri, tumbo linamkata, presha imepanda mno, na hataki kuwaambia madaktari alichokunywa. Kila akiulizwa anasema ni siri ya Mwalimu Burhani.

"Njoo sasa hivi, baba Harun," alisema. Harun ni mwanetu, yuko Tanga. Ananiita hivyo akiwa na furaha sana au akiwa karibu kuniua.

Tramu ikakaa kituo cha Meiser dakika kumi na mbili. Kumi na mbili! Dereva anaangalia mbele kama sanamu. Nilipiga kioo. Mama mmoja wa Kituruki akanihamishia mfuko wake ili nikae. Sikutaka kukaa!

Kule kwenye chumba nilimkuta Alphonsine, kitambaa cha saluni bado kiko begani. Aliponiona alisimama, akakaa tena, kama mtu anayejizuia. Kulikuwa na daktari kijana wa kike mwenye mafua. Zulekha alikuwa pembeni ya dripu na hakunitazama. Juu ukutani televisheni ilikuwa inaonyesha wale wachimbaji wa Chile, wa mgodi wa shaba na dhahabu, wanatolewa ardhini mmoja mmoja ndani ya kile kichupa cha chuma. Papa Kyungu alikuwa anawaangalia wao.

"Angalia," akaniambia. Sauti ya mashine haikuwepo. "Bale bantu ba shaba banatoka mu udongo. Na mi njo niko naingia."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Sikupenda. Basi.

Daktari alitaka jina la alichokunywa. Zulekha akatafsiri. Mzee akafunga mdomo. Akasema kwanza nimmalizie histoire, ile hadithi. Yule mfalme alipata ama hakupata?

Niliwaangalia wote. Daktari, Alphonsine, mke wangu. Hii ilikuwa sehemu yangu ya pili! Niliiandaa miaka minne, kwa ajili ya ukumbi, kwa ajili ya watu sitini na tai nyekundu. Nikaisema pale, nimeinama juu ya kitanda, bila hata glasi ya maji.

Nikasema, hakupata, Papa. Xu Fu alipewa meli mara ya pili, akaenda, hakurudi tena. Mfalme alifia njiani akiwa ziarani. Wengine wanasema alikuwa akimeza vidonge vya zebaki. Mawaziri wake waliogopa kusema amekufa, wakaendelea na safari, wakapeleka chakula kwenye gari lake kila siku. Ilikuwa joto. Maiti ikanuka. Wakaagiza samaki wa chumvi wapakiwe kwenye magari ili watu wadhani ni harufu ya samaki.

"Na wa vyombo vya dhahabu?"

Fundi wake Li Shaojun aliugua akafa. Mfalme akasema hajafa, amebadilika tu umbo. Akaendelea kuwaamini wengine. Na wafalme wa baadaye sana, kadhaa wao, walimeza vidonge vya metali na vikawaua.

Kwenye televisheni mtu alikuwa anamkumbatia mkewe.

"Donc bote balikufwa."

"Wote, Papa."

"Mufalme wa kwanza, alikufwa na myaka ngapi?"

"Arobaini na tisa."

Alinigeukia taratibu. Macho yakafunguka. "Quarante-neuf? Mi niko na quatre-vingt-trois, themanini na tatu! Ni yeye alipashwa kuniuliza mi dawa!"

Na hapo ndipo akasema yote, kwa hasira, kwa haraka, daktari anaandika. Aliuchemsha msalaba wa babu yake kwenye sufuria, na siki, na ndimu nane, siku nzima ya jana Alphonsine akiwa saluni. Maji yakawa ya kijani kibichi. Akayanywa kikombe kizima. Vidonge vya presha alikuwa ameviacha tangu Alhamisi, kwa kuwa Burhani alisema dawa za miti zinaoza. Vyote viko kwenye maua.

Nikasema vidonge si miti! Nilisema miti! Daktari akaendelea kuandika.

Kisha mzee akasema, "We muntu mubaya, Burhani. Ulijua mwisho. Juu ya nini haukuniambia?"

Nilikuwa na majibu matatu.

Alphonsine alinitoa nje kwa mkono wake mwenyewe. Korido nzima ilisikia. Aliniita mchawi, aliniita mwalimu wa bure, akasema kama baba yake akifa nitaijua Katanga. Jumamosi nimefutwa. Nimefutwa milele, alisema. Zulekha alitoka baadaye. Nilitegemea kelele. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Alikuuliza wazi mara ngapi?"

Mara tatu. Sikumwambia.

Alhamisi, 14 Oktoba

Zulekha haongei nami. Amepika wali wa sahani ya mtu mmoja, akaula yeye.

Nimeuliza hali ya mzee kupitia mlango wa bafu. Akafunga bomba, akajibu: amevuka. Presha inashuka. Ameomba bukari, na hospitali haina, kwa hiyo anasema wote ni wababaishaji.

Nilikaa kitandani. Nilivaa soksi mbili mguu mmoja. Hewa ya nyumba hii ni mbaya, nimeshamwambia mwenye nyumba kuhusu madirisha.

Kisha hasira ikarudi, afadhali. Hakuna aliyeniuliza mimi najisikiaje! Nani alimwambia achemshe? Nilisema siki? Nilisema ndimu nane? Mahali popote kwenye madaftari kumi na moja pameandikwa ndimu?

Jumamosi, 16 Oktoba

Nilikwenda ukumbini. Hakuna sheria inayonikataza kukaa kwenye kiti. Nikakaa nyuma, karibu na mlango, bila tai.

Watu walinipisha kama mtu mwenye upele. Hata chai nilijimiminia.

Otieno akasimama mbele na fomu zake. Nikajiandaa kwa dakika arobaini za mateso. Badala yake akasema leo kuna mtu ana jambo la maana zaidi, na yeye anampa nafasi yake. Mlango wa pembeni ukafunguka. Alphonsine anasukuma kiti cha magurudumu. Papa Kyungu, blanketi magotini, kofia ya sufu. Ametoka hospitalini jana!

Watu wakapiga makofi kabla hajasema neno. Kabla!

Akasimulia. Mfalme wangu! Visiwa vyangu! Samaki wangu mkubwa! Bila daftari, bila tarehe hata moja. Xu Fu alimwita "ule monsieur wa bateau." Li Shaojun alimwita "chef ya jiko." Alikosea mpangilio wa wafalme, akawachanganya wawili wakawa mmoja. Nilinyoosha mkono kumsahihisha. Alphonsine alinitazama. Nikakuna kichwa.

Alipofika kwenye samaki wa chumvi watu walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Kisha akapunguza sauti, PALE PALE ambapo mimi ningepunguza, akawaeleza habari ya msalaba wa babu yake na sufuria. Hakulitaja jina langu. Alisema tu "muntu moja mwenye akili sana na mudomo mufupi." Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Otieno pia, ila yeye alitazama chini haraka. Hata hilo lilinikera.

Akasema alipokuwa kitandani hakumwaza mfalme. Alimwaza Jérôme. Alijiona ni mjinga, anakunywa shaba ili amzidi ndugu yake siku mbili. Ijumaa alipotoka alimwomba Alphonsine apige simu Likasi. Jérôme alipokea. Kila mmoja akamsikiliza mwenzake akikohoa, kadi ya simu inakwisha. Halafu Jérôme akauliza, "Bado haujakufwa?" Naye akajibu, "Nilijaribu." Wakacheka mpaka kadi ikakata.

Kina mama walikuwa wanalia. Zulekha, mke wangu, amefunika uso na mtandio, mabega yanacheza, sijui kilio sijui kicheko.

Alimalizia na mfalme wa miaka arobaini na tisa ambaye angepaswa kumuuliza yeye dawa. Walisimama wote. Dakika kumi na nane! Mimi nilihitaji arobaini.

Wakati wa maswali mtu mmoja, Mwenze, fundi bomba, aligeuka akaniuliza kwa heshima kabisa: hivi wale mafundi walikuwa matapeli au waliamini kweli? Swali zuri! Nilisimama. Nilianza na madini ya risasi, nikaenda kwenye zebaki, nikaeleza aina za vidonge na kwa nini moshi wa jiwe jekundu ukipoa hurudi kuwa zebaki. Niliponyanyua kichwa walikuwa wamebaki Mwenze na mtu wa kufagia. Mwenze alikuwa amevaa koti.

Jumapili, 17 Oktoba

Zulekha ameongea. Ameniomba niende nikamwombe mzee msamaha, kama mtu, bila kueleza chochote.

Nimekwenda. Nilisimama mbele ya kiti chake. Nikasema nisamehe, Papa. Neno moja na jina. Nilibana meno ili mengine yasitoke. Yalikuwa mengi.

Alinionyesha kiti kwa kidevu. Akasema, "Bon. Kaa." Alphonsine akaniwekea sahani ya bukari mbele yangu kwa kishindo, na sombe, kisamvu chao, pembeni. Nililia kidogo. Pilipili.

Kwenye rafu ule msalaba umesuguliwa unang'aa, safi kuliko ulivyokuwa kwa miaka mia. Siki na ndimu. Nilikuwa karibu kusema kwamba kikemia matokeo ni mazuri sana. Sikusema. Hiyo ihesabiwe.

Alhamisi, 21 Oktoba

Nimekaa siku nne nikitafakari. Nimechambua makosa yote kwa uaminifu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu. Yafuatayo yamethibitika.

Alphonsine alikosea kuvunja ahadi ya Juni. Otieno alikosea kuwa na tabia njema hadharani. Zulekha alikosea kuwa kazini siku ile. Angekuwa nyumbani nisingeitwa. Mgonjwa alikosea kipimo cha siki. Kwa upande wangu nimepata kosa moja, nalo ni la kiufundi. Nilimsimulia nusu. Nusu ni nyingi mno, inampa mtu vitu vya kufanyia kazi. Ilitakiwa robo.

Mkutano ujao ni Februari. Tayari nina mada, na ni nzuri kuliko ya kwanza: mafundi wale wale, karne kadhaa baadaye, wakiendelea kutafuta kutokufa, walichanganya vitu fulani tanurini, na wengine wakaungua mikono na nyuso, na nyumba waliyokuwamo ikateketea. Ndivyo baruti ilivyoanza! Otieno aje na fomu zake tuone.

Papa Kyungu amepiga simu leo mchana. Amechoka kukaa kitini. Jérôme anapiga kila siku na hana habari mpya, anataka hadithi ya kumsimulia. Nikamwambia ipo moja, lakini ni ya Februari. Akabembeleza. Nikampa robo. Nimemtajia unga mweupe wa chumvi unaoitwa shura, salfa, na mkaa. Nikaishia hapo hapo, nikasema mengine ukumbini.

Ameuliza mkaa wa kuchomea nyama wa Wabelgiji unafaa au lazima uwe wa mti fulani. Swali makini kabisa! Kati ya watu wote wa mji huu ni yeye tu anayejua kusikiliza.